Simu Irudi Kama Ilivyokwenda

“Hii siyo ile!”

Ndivyo alivyonguruma Mzee Aminieli, na hapo ndipo nafasi ya gazeti ilipotukatia uhondo Jumapili iliyopita. Mkono wa kulia ameshika simu. Mkono wa kushoto ameshika picha ya simu. Macho yanatoka kwenye simu, yanakwenda kwenye picha, yanarudi kwenye simu, na kila yakirudi yanarudi na hasira mpya.

Katikati ya uwanja, juu ya kigoda cha mgeni, ameketi Erasmo, jasho limemtoka mpaka kwenye soksi.

Kwa wewe uliyelikuta gazeti la wiki jana limeshafungia maandazi, nikukumbushe kidogo. Erasmo ni kijana wa Lembeni aliyepunguzwa kazi shamba la mkonge lilipopata tajiri mpya, sasa anauza mitumba mjini Same. Anampenda Brightness, binti wa Mzee Aminieli wa Kwamsiha, huku juu milimani. Zamani mzee wa Kipare alimpima mkwe kwa ng’ombe. Unapewa mtamba ukamfuge kwako, alama zake zimeshuhudiwa, na siku ya kumrudisha anakaguliwa kuanzia pembe mpaka kwato. Lakini Mzee Aminieli ng’ombe hana tena. Kahawa ilipokosa bei waliuzwa mmoja mmoja. Alichonacho ni simu ya mkononi, ya kwanza kijijini, iliyonunuliwa na ukoo mzima kwa tangawizi.

Basi akamkabidhi Erasmo simu.

“Kaitunze,” alimwambia. “Irudi kama ilivyokwenda, mke unaye. Ikirudi na kasoro, njia ya Lembeni unaijua.”

Na ili pasitokee ubishi, simu ilipigwa picha kabla ya kukabidhiwa, na picha ikafungiwa ndani ya sanduku la mzee pamoja na kitabu cha nyimbo na koti la harusi. Leo ndiyo siku ya kulinganisha. Na mzee amesema hii siyo ile.

“Siyo ile kwa vipi, Mzee?” Erasmo aliuliza.

“Imekonda!” alidakia bibi mmoja kutoka nyuma. “Kwenye picha ni kubwa kama mkate. Tazameni hapo mkononi, imebaki kipande cha sabuni!”

Umati uliguna. Na umati ulikuwa mkubwa, kwa sababu Mzee Aminieli alipuliza baragumu la msaragambo, lile la kuitia watu kazi ya pamoja, ili kuita mashahidi, na watu wakadhani wanaitwa kwenda kuzibua ndiva, bwawa la maji ya mashamba. Walikuja na majembe. Walipoambiwa kwamba hakuna ndiva, kuna kesi, hakuna hata mmoja aliyerudi nyumbani. Walikaa juu ya mipini ya majembe yao wakangoja utamu.

“Bibi, shikamoo,” Erasmo alisema.

“Marahaba.”

“Picha imekuzwa tu, bibi. Simu ni ile ile.”

“Nimeitikia shikamoo yako, mwanangu, lakini imekonda.”

Mzee Aminieli alimnyamazisha kwa mkono. Yeye alisoma mpaka darasa la nane la enzi za mkoloni, hakuwa mtu wa kudanganywa na saizi. “Picha hukuza vitu,” alisema. “Hata mimi kwenye picha ya harusi nina mashavu. Hilo nimelisamehe. Mimi nasema vijiti.”

“Vijiti?”

“Vijiti, kijana! Njoo uone.”

Erasmo alisogea. Kwenye picha, pembeni mwa kioo upande wa kushoto, vijiti vya mtandao vilisimama vyote, kifupi mpaka kirefu, safi kabisa. Kwenye simu, upande ule ule, hapakuwa na kijiti hata cha dawa.

“Vilikwenda vimesimama,” mzee alisema. “Vimerudi havipo. Vijiti vya ukoo viko wapi?”

Kabla Erasmo hajafungua kinywa, aliinuka mtu aliyekuwa akiingoja nafasi hiyo tangu asubuhi. Hezroni. Mdogo wake Mzee Aminieli, baba mdogo wa Brightness, mjane asiyekosa shati la kupigwa pasi. Majirani zetu husema Mpare atauza ng’ombe ili ashinde kesi ya kuku. Ni uzushi mtupu. Lakini Hezroni aliwahi kuuza mbuzi kwa kesi ya yai, na yai lenyewe lilikuwa viza.

“Ndugu zangu,” Hezroni alianza, akikunja mikono ya shati, “nani aliyeipeleka simu kupigwa picha? Si mimi? Kwa mikono yangu hii! Vijiti nilivikagua mbele ya mpiga picha, vilikuwa vimetimia. Huyu kijana kavila!”

“Vijiti haviliwi, Mzee Hezroni!”

“Kwa hiyo umeviuza!”

“Mzee, huo ni mtandao. Mnara uko chini, Same. Hapa mlima umetuziba. Tukipanda kule juu kwenye jiwe vitarudi vyenyewe.”

“Vitarudi vyenyewe!” Hezroni aliugeukia umati. “Mmesikia? Vina miguu!”

Watu walicheka, na Erasmo akahisi kigoda kinazama ardhini. Alimtupia jicho Brightness, aliyesimama mlangoni kwa gauni la shughuli na viatu vya kuazima. Brightness hakucheka. Alikuwa ameukunja uso vile anavyoukunja akiona muuza nyanya anaficha zilizooza chini.

“Baba,” alisema, “si mpande tu? Mlima hauli mtu.”

Mzee Aminieli alifikiri. Kisha akaiinua simu juu ya kichwa chake na kuanza safari ya kuelekea jiweni. Msafara ukamfuata, majembe begani. Wa mwisho kunyanyuka alikuwa Mzee Asheri, mshenga wa Erasmo, aliyekuja naye kutoka Same kumsemea. Mpaka dakika hiyo hakuwa amesema lolote, kwa kuwa aliletewa makande mapema na makande ya huku ni matamu. Aliondoka na sahani yake.

Njia ilikuwa mwinuko. Wazee walihema, migomba ikapita, mashamba ya tangawizi yakapita.

“Kimoja!” alipiga kelele Mzee Aminieli.

Watu walisimama. Kweli! Kijiti kifupi kilikuwa kimechomoza upande wa kushoto.

Kina mama walipiga vigelegele. Mtu mmoja alipendekeza uanzishwe wimbo, na ukaanzishwa, wa msaragambo, kwa kuwa ndio uliokuwa karibu na majembe. Walipofika kwenye kona ya mkaratusi kikatokea cha pili. Hezroni aliuma mdomo wa chini. Walipolifikia jiwe lenyewe, pale unapoiona Same yote chini, reli na barabara na mashamba ya mkonge yaliyochanwa mistari, vijiti vyote vya kushoto vilikuwa wima.

“Vimetimia,” alikiri Mzee Aminieli, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alimtazama Erasmo kama mtu anayeweza kukaa naye meza moja.

Brightness alimpita Erasmo karibu sana, akanong’ona bila kumwangalia, “Pumua.”

Erasmo akapumua. Masikini, angejua asingepumua mapema.

“Kulia!” Hezroni aliruka. “Kaka, angalia kulia!”

Mzee aliangalia kulia. Kulia nako kuna vijiti, vile vya chaji. Kwenye picha vilikuwa vimejaa. Kwenye simu kilikuwa kimebaki kimoja, tena kinapepesa.

“Mnaona ujanja wake?” Hezroni alikuwa amepanda juu ya jiwe. “Mnaona mtu alivyosomea wizi? Kila kilipoongezeka kijiti kushoto, kimepungua kulia! Amevihamisha! Ni mbinu ya mchungaji mwizi. Ukienda kukagua zizi lako, anaazima ng’ombe wa zizi la pili kujazia. Ukigeuka kulitazama la pili, liko tupu!”

Ilikuwa hoja nzito. Wazee kadhaa waliokuwa wafugaji walitikisa vichwa kwa uchungu, kwa kuwa walishafanyiwa. Na waliotembea karibu na mzee wakaapa kwamba naam, waliona kwa macho yao vikihama.

“Hivyo ni vya chaji!” Erasmo alikuwa sasa anakaribia kulia. “Simu ikiwaka inakula chaji. Tangu asubuhi kila mtu ameibonyeza aone taa! Bibi pale ameibonyeza mpaka amechoka!”

“Nilitaka kuona kama inanenepa,” bibi alijitetea.

Mzee Aminieli aliinua mkono. Alikuwa na tabia ya kufumba macho akitoa hukumu, na sasa aliyafumba.

“Niwaulize,” alisema. “Ng’ombe akiwekwa kwa mtu amfuge, maziwa ni ya nani?”

“Ya mfugaji!” umati ulijibu kwa pamoja, maana hilo hata mtoto wa Kwamsiha analijua.

“Na mwenye ng’ombe akija siku ya ukaguzi akakuta kiwele kimekamuliwa, atashitaki?”

“Hashitaki!”

“Basi chaji ni maziwa. Kijana amekamua. Ni haki yake.”

Vigelegele! Majembe yaligonganishwa. Mtu alimpiga Erasmo mgongoni kwa furaha hata nusura amwangushe bondeni. Hezroni aliteremka kutoka kwenye jiwe, amenywea. Mzee Aminieli akafumbua macho, akaunyoosha mkono wake kuelekea kwa Erasmo, akafungua kinywa kutamka neno ambalo kijana wetu alikuwa akiliota tangu masika.

“Basi, mbele ya mashahidi hawa, mkwe wangu ni...”

“Ngoja kwanza, baba Brightness.”

Mkono wa mzee uliganda hewani. Aliyesema alikuwa Eva, mkewe, mama yake Brightness. Picha alikuwa nayo yeye sasa. Hakuwahi kuiona kabla, kwani sanduku la mzee halifunguliwi ovyo. Wanaume wote walikuwa wakishindana juu ya simu, na yeye simu hakuwa na habari nayo. Alikuwa akitazama kilichokuwa chini yake.

“Hiki kitambaa si changu,” alisema.

“Kitambaa gani tena?”

“Hiki simu ilichokalia. Shemeji Hezroni, siku unaipeleka simu nilikupa kitambaa changu cha kufuma ukaitandikie, isipigwe picha juu ya meza tupu kama simu ya yatima. Nilikupa cheupe, cha maua ya mviringo. Hiki kina tausi, na ukingo wa kijani.”

“Shemeji,” Hezroni alicheka, lakini kicheko kilikuja kikiwa kimechelewa, “kitambaa chako kilipeperuka. Upepo wa Same unaujua. Wakanitandikia cha studio.”

“Studio ya Same nimepigia picha ya ubatizo wa watoto wangu wote. Wana stuli ya kamba na maua ya plastiki, basi. Hii ni meza ya mbao ya mvule, na huku pembeni naona kikombe cha chai.”

“Walikuwa wanakunywa chai, shemeji!”

“Chenye kisahani?”

Hezroni aliinama kufuta vumbi kwenye kiatu chake.

Na hapa, msomaji, ndipo unapouona uzito wa mtu aliyesoma darasa la nane. Mzee Aminieli aliurudisha mkono wake mfukoni. Kwa Erasmo ilikuwa sawa na kuuona mlango unafungwa.

“Kama picha haikupigwa nilikoagiza,” mzee alisema polepole, “nitajuaje ni picha ya simu yetu? Inaweza kuwa ya simu ya mtu mwingine. Na kama picha siyo ya simu yetu, sina cha kulinganisha. Na kama sijalinganisha, siwezi kusema imerudi kama ilivyokwenda.”

“Hakuna picha, hakuna harusi!” Hezroni alifufuka. “Sheria ni sheria, kaka!”

“Baba!” Brightness alipaaza sauti.

“Mwanangu, na mimi inaniuma. Lakini neno nililitoa mbele ya watu. Labda atokee mtu aseme picha hii ilipigwa wapi. Nani anaijua meza hii? Nani anakijua kitambaa hiki?”

Picha ilianza kupita mkono kwa mkono. Bibi aliitazama akasema tausi naye amekonda. Ilifika kwa Erasmo. Aliitazama kwa kuvunjika moyo tu, kama mtu anayetazama basi lililomwacha.

Akaisogeza karibu na macho.

Kwenye kona ya kitambaa, pale simu isipofika, palikuwa na doa la kahawia lenye ncha. Alilijua doa lile kuliko anavyokijua kiganja chake. Akiwa darasa la nne alipiga pasi shati la shule kwa pasi ya mkaa, akaitwa na wenzake, akaiacha pasi juu ya kitambaa cha meza. Fimbo ya siku ile bado anaikumbuka kila akiinama. Kitambaa hakikutupwa. Kilifuliwa, kikatandikwa tena, na kwa miaka yote doa lile likafichwa chini ya chombo cha maua, sebuleni, Lembeni, nyumbani kwa mama yake.

Simu ya ukoo ilipigiwa picha kwa mama yake!

Na mambo yote yakaanza kujipanga kichwani mwake, moja nyuma ya lingine. Ukoo ulipotaka kujua anatoka familia gani, nani alitumwa Lembeni kuchunguza? Hezroni. Aliporudi alisema nini? Kwamba uchunguzi haujakamilika. Akaenda tena. Haukukamilika. Kila Jumamosi Hezroni alishuka kwenda kuchunguza, viatu vimepigwa dawa, na kila aliporudi alikuwa amenenepa kidogo. Na mama, Honorata, mjane wa miaka mingi, mpika maandazi ya iliki asiye na mfano kati ya Mwanga na Same!

Erasmo mwenyewe hakuwa amefika Lembeni siku nyingi. Mitumba haina likizo.

Alihisi pumzi yenye harufu ya maharage sikioni. Alikuwa Mzee Asheri, mshenga, naye ameiona picha. Alikuwa amekula sikukuu nyingi kwenye meza ile. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alikuwa ameacha kutafuna.

“Nyamaza,” mshenga alinong’ona.

“Lakini nikisema, nimeokoka! Picha itakuwa ya kweli, nampata Brightness!”

“Mjinga wewe. Hezroni akimwoa mama yako, wewe unakuwa mtoto wa nani?”

“Wa Hezroni.”

“Na Brightness anamwita Hezroni nani?”

“Baba mdogo.”

“Haya. Watoto wa baba mkubwa na baba mdogo wanaitanaje?”

Erasmo alikodoa macho. “Kaka na dada,” alisema.

“Na ukimwoa wewe kwanza, mama yako anakuwa mkwe wa ukoo huu, na Hezroni hawezi tena kumgusa hata kwa fimbo. Unafikiri vijiti ndivyo vinavyomuuma? Hapa hakuna kesi ya simu, mwanangu. Hapa ni nani awahi.”

Sasa Erasmo alielewa kwa nini mtu mzima alikuwa amepanda juu ya jiwe kupigania chaji. Akamwangalia Hezroni. Hezroni alikuwa akimwangalia yeye. Wakaangaliana kama watu wawili walioshika kipande kimoja cha muhogo.

Akisema, atamwaibisha mama yake mbele ya kijiji chenye majembe. Asiposema, anashuka mlima bila mke. Aliona uchungu wa kweli, maana alimpenda Brightness sana, na mama yake vilevile.

“Erasmo.” Brightness alikuwa amesimama mbele yake. Ule uso wa muuza nyanya alikuwa nao tena. “Umeikazia macho picha muda mrefu. Unakijua hiki kitambaa?”

“Mimi?”

“Wewe. Na usinidanganye, maana tukioana nitajua.”

Erasmo alifungua kinywa.

Simu ililia.

Ililia kwa sauti kubwa ya kengele, mkononi mwa Mzee Aminieli, ambaye tangu simu inunuliwe hakuwahi kupigiwa. Nusura aitupe. Watu walirudi nyuma, bibi akalikamata jembe.

“Inataka nini?” mzee aliuliza.

“Inataka kupokelewa, Mzee!”

“Ipokee wewe! Bado hujamaliza kuikabidhi!”

“Niipokee mimi!” alipayuka Hezroni, akija mbio, uso umemwiva. “Ni yangu hiyo! Yaani ni ya ukoo! Ileteni, ileteni!”

Lakini alijikwaa kwenye sahani ya makande ambayo Mzee Asheri, kwa bahati mbaya tu, alikuwa ameiweka njiani. Erasmo aliichukua simu mkononi mwa mzee, akabonyeza kitufe.

“Haloo! Haloo! Hezroni?”

Alikuwa mama yake. Na Honorata, kama watu wengi wasiozoea simu, aliamini kwamba umbali wa Lembeni lazima uvukwe kwa kifua. Aliongea kwa nguvu hata Mzee Aminieli akasikia, Eva akasikia, na waliokaa mbali juu ya mipini ya majembe wakasikia bila kusogea.

“Hezroni, usijibu, nisikilize, nimelipia dakika chache! Ulisema nikupigie leo, simu ikisharudi mikononi mwako. Nimefikiria sana. Mwanzo nilisita kwa ajili ya Erasmo wangu. Lakini kwa kuwa yeye na binti yenu wameshashindwana, kama ulivyonieleza, basi hakuna kizuizi. Nimekubali!”

Mlima mzima ulitega masikio. Hata mkaratusi uliacha kutikisika.

“Mwone mchungaji leo leo atutangaze Jumapili hii,” sauti iliendelea. “Na kitambaa cha shemeji yako Eva nimekifua, nitakuja nacho. Ila usimwambie Erasmo. Kidonda bado kibichi, maskini mwanangu. Nitamwambia mwenyewe. Hezroni? Uko hapo? Hezroni, mbona kimya?”

Erasmo alikuwa amelelewa vizuri, na malezi yakatangulia akili.

“Shikamoo, mama,” alisema.

Upande wa pili kikombe kilisikika kikiwekwa juu ya kisahani. Halafu Honorata naye, kwa mazoea ya miaka yote, akajibu.

“Marahaba, mwanangu.”

Kijiti cha mwisho cha kulia kikafa, na simu ikazimika.

Mzee Aminieli aliichukua picha kutoka mkononi mwa Erasmo. Akaitazama, akamtazama Erasmo, akaitazama simu iliyozimika. Mishipa ya shingo ilikuwa imemsimama.

“Picha imejieleza,” alisema. “Ilipigwa Lembeni, mezani kwa mkwe wangu. Simu ni ile ile na imerudi kama ilivyokwenda. Aliyekwenda akarudi na kasoro ni Hezroni. Yuko wapi huyo?”

Wote waligeuka. Mahali pa Hezroni palikuwa na makande yaliyomwagika na alama ya kiatu kilichopigwa dawa vizuri. Chini kwenye njia ya bondeni, inayokwenda kwenye nyumba ya mchungaji, shati la kupigwa pasi lilikuwa likiteremka kwa kasi ambayo hakuna aliyeijua kwa mtu wa umri ule.

“Mzee amemkubali mkwe wake,” Mzee Asheri alisema taratibu, “lakini kanisani anayetangazwa kwanza ndiye mwenye haki.”

Eva alishika kichwa. Umati uliinuka, majembe yakainuka. Mzee Aminieli alitafuta baragumu lake akakumbuka ameliacha nyumbani.

Brightness peke yake hakupiga kelele. Aliinama akavua viatu vya kuazima, akampa mama yake, akakaza kitenge kiunoni juu ya gauni la shughuli.

“Erasmo,” alisema, “mchungaji ni mmoja, na baba mdogo ametutangulia kona mbili. Unataka kuwa mume wangu au kaka yangu?”

Erasmo akavua viatu.